Kijicho katika Nchi ya Bisidi

Nilikwenda Bisidi kwa kuitwa, na aliyeniita aliniita kwa heshima. Naliweka hilo mwanzo kabisa, ili msomaji asidhani kwamba niliyoyafanya huko niliyafanya kwa kuchokozwa.

Naitwa Chande, fundi wa nchi ya Linuksi. Kwa miaka tisa nilitengeneza chombo kimoja tu: kisanduku cha mbao chenye kioo mbele, magurudumu ya namba ndani, na kalamu juu inayochora mistari. Kazi yake ni kutazama njia. Katika nchi zetu kila nyumba hutuma habari zake kwa matarishi waendao mbio, na matarishi wakizidi, njia huziba, barua ya posa ikafika siku ambayo msichana anaolewa na mwingine. Kisanduku changu huhesabu matarishi waliotoka katika kila nyumba na kuchora mstari wa kila mmoja. Mstari mrefu kuliko yote ndio mwizi wa njia. Nilikiita Kijicho, kwa kuwa ni jicho dogo. Mama yangu alinikumbusha kwamba neno hilo lina maana nyingine, nami nikamjibu kwamba maana hiyo haihusiani na ufundi.

Kila mji wa kwetu una Kiini, yaani nyumba ya katikati inayojua kila kinachopita. Kiini cha Linuksi hakina siri. Kila kinachokijua hukibandika kwenye mbao nje ya ukuta wake, asome apendaye. Mbao hazina mpango. Mwaka huu safu ya tatu ni idadi, mwaka ujao ni tarehe, na mji wa jirani safu hiyo haipo kabisa. Tumezoea. Kijicho kilielekezwa kwenye mbao hizo, kikazisoma, kikachora.

Barua iliyoniita iliandikwa na mwanamke aitwaye Mwatime, fundi wa njia katika mji mkuu wa Bisidi. Alisema njia zao huziba kila siku adhuhuri, na hakuna ajuaye nyumba gani inaziziba, kwa kuwa tarishi wa Bisidi havai alama ya nyumba atokako na kumwuliza ni kosa. Dawa zilichelewa. Wagonjwa waliteseka. "Tumesikia habari za Kijicho," aliandika. "Tunaomba kukihamishia kwetu, nami nitakusaidia kwa lolote utakalotaka." Niliisoma barua ile mara nne, na mara zote nne nilirudia pale waliposema wamesikia.

Bisidi ni nchi nadhifu. Sisemi hivyo kwa kuisifu. Nasema kwa kuwa ndicho kilichoniuma kwanza. Kwetu kila mtaa umejengwa na watu wake, ngazi za huku hazilingani na milango ya kule. Bisidi yote imejengwa kwa ramani moja. Kitasa cha mlango wa choo na kitasa cha mlango wa Baraza ni vya mfano mmoja. Nilizunguka siku nzima nikitafuta kilichopinda, nikarudi nilikofikia nikiwa nimechoka na nimenuna. Wenyeji nao hulitamka jina la nchi yetu taratibu, Li-nuksi, wakiikazia hiyo nuksi, kisha hutabasamu na kukukaribisha chai.

Nilitafuta faraja katika ugomvi wao. Wabisidi wamegawanyika koo tatu ambazo hazisalimiani tangu babu zao walipogombea ufunguo wa Kiini, na kila ukoo hukunong'oneza kwamba wao ndio Wabisidi wenyewe. Lakini hata nyumba za koo hizo tatu zilikuwa na vitasa vilevile.

Sheria yao ya kwanza ni ya kiapo. Hakuna chombo kinachofanya kazi Bisidi kabla ya kuapishwa. Mwenye chombo husimama mbele ya karani akataja kila ambacho chombo chake kitafanya: kitasoma, kitahesabu, kitachora. Asichokitaja ni haramu. Chombo kikithubutu kufanya ambalo hakikuapa, askari anayesimama nyuma yake hukivunja kwa nyundo papo hapo, bila kuuliza swali. Nilimwona mgeni mmoja akilia juu ya vipande vya saa yake ya ukutani. Aliiapisha kuonyesha saa, akasahau kwamba hupiga na kengele.

Sheria ya pili ni ya ukurasa. Kila kitu, tangu Kiini hadi ufagio, sharti kiwe na ukurasa unaokieleza, na ukurasa ukisema lisilo kweli, kosa lake ni sawa na kitu chenyewe kuvunjika. Nilisoma ukurasa wa ufagio wa nyumba niliyofikia. Ulikuwa na Jina, Matumizi, Mfano, na mwisho kabisa Mapungufu: "Hauzoi maji." Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu Kijicho, kazi ya miaka tisa, hakikuwa na ukurasa hata mmoja.

Mwatime alinipokea katika karakana yake. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini na miwani iliyofungwa uzi shingoni. Alikiweka Kijicho mezani kwa mikono miwili, kama mtu apokeaye sahani iliyojaa mchuzi.

"Kaka Chande, ni kizuri kuliko nilivyosikia," alisema.

"Nipeleke kwenye mbao za Kiini," nikamwambia. "Mambo yatakwisha leo leo."

"Mbao gani?"

"Mbao. Za hesabu. Nje ya ukuta."

Akanitazama kwa huruma. "Kiini chetu hakibandiki kitu. Ukitaka kujua jambo unakwenda dirishani, unataja namba ya swali, unajibiwa. Maswali yote yamo kitabuni."

"Mangapi?"

"Yanapita elfu moja. Lakini yamepangwa, hutapotea." Akakigeuza Kijicho akakitazama kioo chake. "Jicho lake ni zuri sana. Hapa kitahitaji mdomo."

Basi tukaanza kukitengenezea mdomo. Niseme ukweli, akaanza. Mimi nilikaa pembeni nikieleza kila gurudumu kwa nini nililiweka pale, naye akisikiliza, akiuliza, akiandika. Alikuwa na subira isiyo ya kawaida. Kwenda dirishani kuuliza hesabu ya malango mia nne na sita, lango la kila nyumba, kwa wakati mmoja si kazi ndogo, lakini siku ya tano sehemu ya kuuliza ilikuwa imekamilika, ya shaba, ndogo kama kidole gumba, na imekaa ndani ya kisanduku changu kana kwamba nafasi yake ilikuwa ikiingoja. Nilijisikia kama mama anayemwona jirani akimsuka mwanawe, na kumsuka vizuri.

Siku ya sita aliniita mezani.

"Kaka, samahani. Gurudumu hili la hesabu, likifika elfu tisa mia tisa tisini na tisa, halafu?"

"Halafu nini?"

"Halafu linarudi sifuri." Alilizungusha kwa kucha. Namba zilipanda, zikafika mwisho, zikawa sifuri nne. "Nyumba ikituma matarishi elfu kumi na mmoja, Kijicho kitaonyesha mmoja. Ulilijua hilo?"

Sikulijua. Katika miji yetu njia ni nyembamba na hakuna nyumba iliyowahi kufika elfu kumi kwa siku. Miaka tisa nilikiangalia chombo kile asubuhi na jioni, na mwanamke huyu alikuwa nacho siku sita.

"Nililijua," nikasema. "Si tatizo."

"Sawa," akasema. "Mimi nitaweka magurudumu mapana zaidi katika hiki tunachokitengeneza. Ukitaka, nitakutengenezea mengine uondoke nayo kwenu."

Hakukuwa na kejeli katika sauti yake. Nilikaa nikiitafuta, nikaipitia ile sentensi neno kwa neno, wala sikuipata, na kutoipata kukaniuma kuliko ningeipata. Kwetu husema hasidi hana sababu. Mimi nilikuwa nazo, na nilizihesabu: watu wa mji walimwita Mwatime "fundi", na mimi waliniita "mwenye kile chombo". Alilala usingizi. Alikuwa mtu ambaye mtu hawezi kumchukia, nami nilikuwa nikijaribu kila siku kabla ya kunywa chai.

Chombo chake kilipokamilika, yaani chombo changu chenye mdomo wake, alikiandikia ukurasa, na ukurasa ukapelekwa Baraza kuidhinishwa. Hapa inanipasa kueleza desturi ya Baraza la Bisidi. Wajumbe ni mia moja na mmoja. Wote hukaa katika jengo moja, kila mmoja chumbani mwake mlango umefungwa, na hawazungumzi kwa mdomo, kwa sababu neno la mdomo haliwezi kunukuliwa. Mjumbe mwenye maoni huandika barua, nayo huwaendea wajumbe wote mia waliobaki, nakala moja kwa kila tarishi. Kila nakala sharti itoke nje ya lango, izunguke mji, ipate muhuri wa Kiini, kisha irudi jengoni katika chumba cha jirani. Chini ya kila barua hunakiliwa barua zote zilizotangulia, asije mtu akasahau. Na majibu yote sharti yatoke kabla ya adhuhuri. Niliyaandika haya katika daftari langu kama kichekesho, nikalifunga.

Ukurasa wa Mwatime ulianza hivi: "Kijicho huhesabu matarishi." Mjumbe mmoja akaandika kwamba si kweli, anayehesabu ni Kiini, chombo huuliza tu. Mwingine akapendekeza, "Kijicho huonesha hesabu ya matarishi." Wa tatu akauliza kama neno hilo si "huonyesha". Hapo mambo yakawaka. Wakagawanyika wenye ny na wasio nayo. Wakatajwa mababu. Siku nne zikapita juu ya herufi hizo, na chombo kikabaki mezani kwa Mwatime kimefunikwa kitambaa safi.

"Huoni uchungu?" nilimwuliza.

"Watafika," alisema. "Ukurasa ukiwa sahihi, watu watakaokuja baada yetu hawatahangaika."

Siku ile ndipo nilipoamua kumtangulia.

Pembezoni mwa mji ule uko Mtaa wa Wageni. Wabisidi waliwajengea watu wa Linuksi mtaa unaofanana na kwao: ngazi zisizolingana, milango iliyopinda kwa makusudi, na ukuta mmoja mrefu wenye mbao. Mchoraji wa serikali hunakili namba kutoka dirisha la Kiini kila siku akazipaka kwenye mbao hizo kwa rangi nyeusi, mstari mpya chini ya ule wa jana, ili wageni wasione ukiwa; hakuna Mbisidi azisomaye. Katika mtaa huo hakuna kiapo wala ukurasa, kwa kuwa hakuna kinachofanyika humo ambacho Wabisidi hukichukulia kwa uzito. Kijicho changu cha pili, kile nilichokuja nacho kama akiba na kukiacha mkobani na magurudumu yake ya zamani, hakikuhitaji mdomo wowote kule. Kilihitaji kuelekezwa ukutani tu.

Nilimwendea Bwana Vuai, Mkuu wa Malango, ofisini kwake. Alikuwa mtu mnene, mwenye adabu, na macho mekundu ya mtu anayelaumiwa na kila nyumba.

"Bwana Mkuu, Baraza wanagombana juu ya herufi," nikamwambia. "Mimi nitakuonyesha mwizi wa njia leo hii, kabla ya chakula cha mchana."

"Fundi Mwatime yuko wapi?"

"Anangoja ukurasa."

Alisita, nami nikakuona kusita kwake, kukanichoma. Kisha akachukua kofia yake.

Adhuhuri tulisimama mbele ya ukuta ule. Nilikielekeza Kijicho kwenye mbao, magurudumu yakazunguka, kalamu ikachora mistari mia nne na sita. Mmoja ulikuwa mrefu kuliko yote: elfu moja mia tisa na arobaini. Bwana Vuai akainama akasoma jina la nyumba.

"Nyumba ya Wakunga," akasema polepole. "Wakunga? Una hakika, mgeni?"

Gurudumu lilinijia akilini. Ningesema uongo nikisema halikunijia. Niliona ukucha wa Mwatime ukilizungusha. Ningeweza kusogea hatua sita nikasoma mbao zenyewe kwa macho yangu, ubao kwa ubao, lakini Bwana Vuai alikuwa ananitazama kama watu wa mji ule walivyomtazama Mwatime, na nilikuwa nimeyangojea macho hayo tangu niingie.

"Nina hakika," nikasema.

Lango la Wakunga likafungwa alasiri ile. Lango likifungwa Bisidi halipitishi tarishi kutoka wala kuingia. Nilitembea mjini kifua mbele. Watu wawili waliniita fundi. Nilimkuta Mwatime karakanani, nikamweleza kwa urefu kuliko ilivyohitajika. Alisikiliza hadi mwisho.

"Wakunga," akasema naye, vilevile kama Vuai. "Elfu moja na mia tisa ni wengi kweli. Lakini mji una wajawazito wengi." Kisha akasema, "Kaka, ulitumia magurudumu yale yale?"

"Yale yale."

Alichukua kitambaa akapangusa meza iliyokuwa safi.

Kesho yake adhuhuri njia ziliziba kama kawaida. Keshokutwa yake zikaziba zaidi. Asubuhi ya siku ya tatu mwanamke mmoja wa mtaa wa mlimani, jina lake Kibibi, alishikwa na uchungu kabla ya wakati wake. Mumewe alimtuma tarishi kwa wakunga. Tarishi akarudi akasema lango limefungwa. Akamtuma wa pili, akarudi. Hapo mume akatoka mwenyewe mbio, akaruka uzio, akawapata wakunga wamekaa ndani wakishangaa kwa nini mji umenyamaza. Walipofika mlimani mama alikuwa hai. Mtoto hakuwa hai. Alikuwa wa kiume.

Bwana Vuai alituita sote wawili. Hakukaa.

"Fundi Mwatime, chako kiko tayari?"

"Kiko tayari tangu wiki iliyopita, Bwana Mkuu. Kinangoja herufi."

"Nakipa kiapo cha siku moja kwa dhamana yangu. Kilete dirishani."

Alikileta. Karani akakiapisha: kitauliza, kitahesabu, kitachora, basi. Askari akasimama nyuma na nyundo yake. Adhuhuri ile sehemu ya shaba ikauliza malango mia nne na sita kwa pumzi moja, magurudumu mapana yakazunguka, na kalamu ikaanza kuchora mstari mmoja ambao haukusimama. Ulivuka mistari mingine yote, ukavuka ukingo wa karatasi. Mwatime alilazimika kuunganisha karatasi ya pili. Elfu kumi na mia saba. Bwana Vuai alisoma jina la nyumba, akavua kofia.

Lilikuwa jengo la Baraza. Wajumbe mia moja na mmoja, barua mia moja na saba za asubuhi moja, kila barua kwa matarishi mia, wote wakiwahi adhuhuri. Na kabla ya herufi zile kulikuwa na mjadala mwingine, na mwingine kabla ya huo. Hao ndio waliokuwa wakiziba njia za Bisidi mwaka mzima.

Nilikwenda peke yangu Mtaa wa Wageni. Ubao wa kumi na saba ulikuwa wa Baraza. Mstari wa siku ile niliyosimama na Bwana Vuai ulikuwapo bado, umepakwa vizuri kwa rangi nyeusi, herufi kubwa kama kiganja: 10,300. Kijicho kilikuwa kimeonyesha mia tatu.

Niliporudi ofisini Bwana Vuai aliniuliza mbele ya Mwatime na karani. "Mgeni, ulijua kwamba gurudumu lako hurudi sifuri?"

Nilimtazama Mwatime. Neno moja tu kutoka kwake lingenimaliza, na lilikuwa haki yake. Alikuwa ameinamisha macho, anachezea uzi wa miwani. Hakuwa akinificha wala kunisaliti. Aliniachia nafasi ya kujibu mwenyewe. Hata ukimya ule niliuonea wivu. Nilifikiri, mimi nisingeweza kunyamaza hivyo.

"Nilijua," nikasema. "Fundi Mwatime aliniambia. Nilimdanganya kwamba si tatizo."

Karani aliandika. Sheria ya Bisidi haina adhabu kwa chombo kilichokosea kama pungufu lake limeandikwa. Na kwa chombo kisichokuwa na ukurasa haina neno kabisa, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mtu atakitumia. Wakavipekua vitabu hadi alasiri. Mwisho wakaniamuru niandike pungufu lile kwa mkono wangu katika ukurasa mpya, nikaliandika.

Ya Baraza yalikwenda hivi. Walipoarifiwa kwamba barua zao ndizo zinazoziba njia, walianza mjadala kama barua za wajumbe zihesabiwe kuwa matarishi, na siku hiyo wakavunja rekodi yao. Bwana Vuai hakuwa na mamlaka ya kuwafungia. Lakini ukurasa wa malango unasema, "Lango linaloziba njia hufungwa," bila kumtoa mtu yeyote, na ukurasa hauwezi kusema uongo. Akaenda mwenyewe akalifunga. Wajumbe walipoona hakuna tarishi anayetoka, walifungua milango ya vyumba mmoja mmoja. Wengine hawakuwa wameonana uso kwa uso miaka kumi. Walisimama ukumbini wakikohoa. Kabla ya jua kuzama walikuwa wamekubaliana kwamba ni "huonesha", na kwamba wanaotaka "huonyesha" hawatakamatwa.

Ukurasa ulipotundikwa niliusoma. Juu palikuwa na majina mawili, langu la kwanza: "Kimetungwa na Chande wa Linuksi. Kimehamishwa na Mwatime."

"Kwa nini umeniweka juu?" nilimwuliza.

Alishangaa kweli. "Si wewe uliyekitunga?"

Nilikuwa nimebakiza siku moja. Sikuwa na la kufanya mjini, nikapanda mlimani kwa Kibibi. Mumewe hakuwapo. Yeye alikuwa amekaa ukumbini juu ya mkeka, shuka kiunoni, akichambua mchele kwenye ungo, kwa kuwa wageni wa msiba walikuwa bado wanakuja na lazima wale. Hakuwa mtu mzima sana. Labda miaka ishirini na mitano. Nilisema jina langu. Akanionyesha kigoda, nikakaa.

"Ndiye wewe uliyesema ni wakunga," akasema.

"Ndimi."

"Ulikuwa na hakika?"

"Hapana. Nilikuwa na haraka."

Alipepeta ungo, makapi yakaruka. Akatoa jiwe moja dogo akaliweka pembeni ya mkeka.

"Haraka ya nini?"

Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani, maneno ya pole, ya kuomba radhi kwa adabu. Niliyaacha. "Nilitaka kumtangulia mtu," nikasema.

"Nani?"

"Fundi Mwatime."

Kibibi akaacha kuchambua. Alinitazama, si kwa hasira, bali kama mtu anayejaribu kuelewa umbali wa mahali ambapo hajawahi kufika.

"Naye Mwatime," akauliza, "alijua kwamba mnashindana?"

"Hapana," nikamwambia. "Hakujua."

Akauinamia tena ungo wake.